Niliamkia Picha



Wengi wenu mliiona ile picha ya jua niliyoweka hapa mwezi wa Agosti nikiwa Mombasa. Bahari, ngalawa moja nyeusi, na jua likitoka kama kaa la moto. Mliipenda sana. Wengine mliniuliza nilitumia kamera gani. Leo nataka kuwaeleza vile hiyo picha ilipatikana, kwa sababu imenisumbua moyoni, na sitaki kuhubiri tena juu ya maombi ya alfajiri kabla sijasema hili.

Nilikuwa kwa kongamano la wachungaji la siku tatu. Tulilala karibu na ule ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi, ambao watu huita Pirates. Sisi watu wa bara jua letu hutoka nyuma ya mlima au nyuma ya gorofa ya jirani. Kule pwani bahari iko mashariki, kwa hivyo jua linatoka majini, mbele yako kabisa, na linawafikia kama dakika 10 kabla ya sisi wa Nairobi. Nikasema siondoki bila hiyo picha.

Siku ya kwanza nilichelewa. Huku kwetu karibu na ikweta jua halimngoji mtu. Linapanda wima, na tangu ukingo wake uonekane hadi duara lote litoke majini ni kama dakika mbili tu. Siku ya pili mawingu yalikaa pale pale juu ya maji yakalifunika lote. Siku ya tatu, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, niliweka kengele tatu kwa simu. Saa kumi na moja kasorobo nilikuwa macho, bila kusukumwa na mtu. Mke wangu angekuwepo angecheka, kwa sababu nyumbani yeye ndiye huniamsha kwa maombi ya saa kumi na moja, na huniamsha mara mbili.

Nikiwa njiani kwenda ufuoni nilisikia adhana. Nikajiambia, hawa wameamka kuomba, na mimi mchungaji nimeamkia picha. Nilicheka peke yangu nikaendelea kutembea.

Nikasimamisha simu kwa tripodi ndogo, nikapangusa kioo cha kamera kwa shati maana hewa ya chumvi hukitia ukungu. Kijana mmoja wa kanisa alikuwa amenifundisha: gusa skrini pale penye mwangaza, shusha mwanga kidogo, ndipo mbingu itoe rangi yake na kila kilicho mbele kiwe cheusi. Maji yalikuwa yamekupwa. Mawimbi yalivunjikia mbali kule kwa mwamba, na wavuvi wawili walikuwa wakisukuma ngalawa yao. Nilikuwa nimeshawapanga vizuri kwa skrini, nangoja.

Saa kumi na mbili na dakika 24, simu ikaita. Ile ile iliyokuwa kwa tripodi. Jina la mama mmoja wa kanisa letu likatokea juu ya bahari.

Nilikata.

Hakuna mtu hupigia mchungaji simu saa hizo kwa jambo dogo. Najua hivyo. Nilijua hivyo kidole changu kikiwa juu ya ile alama nyekundu. Lakini jua lilikuwa linatoka, nikajiambia nitampigia baadaye.

Nilipiga picha kama 40. Nikaketi kwa mchanga nikichagua, nikaandika maneno machache juu ya rehema za Mungu ambazo ni mpya kila asubuhi, kutoka Maombolezo sura ya 3, nikaposti. Nilipompigia saa moja ikawa hashiki. Wakati wa kiamsha kinywa nikaona ameandika komenti, “Amina Pasta, Mungu ni mwema.” Nikabonyeza alama ya moyo. Nikaona basi, yuko sawa.

Tulizungumza saa nne, wakati wa chai. Kijana wake alikuwa ameanguka na pikipiki usiku, damu ikavujia ndani ya kichwa. Alipokuwa akinipigia walikuwa wanamchukua kwenda kwa upasuaji. Walikuwa wamempa mama dakika chache, na alitaka niombe kwa simu, aiweke karibu na sikio la kijana. Nilipokata, akaomba mwenyewe. Alimshika mguu, kwa sababu kichwa hakingeguswa.

Wapendwa, tunaipenda sana Marko 1:35, pale Yesu anaamka kukiwa bado giza na kwenda mahali pa faragha kuomba. Nimeuhubiri huo mstari mara nyingi, na kila mara nilikomea hapo hapo. Chuoni tulifundishwa kusoma sura nzima kabla ya kushika mstari mmoja. Huo mtihani nilipita! Endelea kidogo usome: Simoni na wenzake wanakuja kumtafuta, wanampata, wanamwambia watu wote wanamtafuta. Husomi popote kwamba aliwakasirikia kwa kumkatizia. Anaondoka nao kwenda vijiji vingine, na kabla sura haijaisha ameshamgusa mtu mwenye ukoma.

Na wewe usiniambie huwezi kuamka. Ukiwa na basi la saa kumi alfajiri unaamka. Ukiwa na mzigo wa kuchukua Gikomba unaamka. Mimi niliamka siku tatu mfululizo.

Kijana yuko nyumbani sasa, anaendelea kupona, utukufu ni kwa Mungu. Mama amenikubalia niwaeleze haya bila kutaja jina. Wale mtakaomjua, nyamazeni.

Nilirudi Nairobi nikaenda kumwona. Nilimwambia ukweli wote, kwamba niliiona simu na nikaikata kwa sababu ya jua. Alinyamaza kidogo, kisha akaniwekea chai. Nikamwuliza kama ningeiondoa ile picha.

Akasema, “Iache, Pasta. Hiyo ndiyo nilikuwa naangalia wakati daktari alitoka.”

Bado ipo hapo chini.