Siku Mbili Kabla ya Meli

Sisi wa Matogoro hatukai karibu na meli. Tunakaa juu, kwenye milima ambako Mto Ruvuma unaanzia, na maji yetu yakishatoka hapa huelekea mashariki mpaka Bahari ya Hindi, ilhali Ziwa Nyasa liko upande wa pili kabisa, magharibi. Anayetaka meli inabidi ayape maji kisogo na kushika njia ya Mbinga: kilomita kama 100 mpaka Mbinga mjini, kisha 66 nyingine mpaka Mbamba Bay, sehemu kubwa ikiwa ni mteremko. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko chini ya mita 500, kwa hiyo masikio huziba njiani na sweta uliloshukuru kuwa nalo asubuhi huwa mzigo mchana. Siku hizi barabara ni ya lami. Mtu akiniambia anaweza kutoka nyumbani alfajiri na kufika bandarini mchana, sibishani naye. Anaweza.

Swali ni kama afanye hivyo siku ileile ya meli. Swali hilo dogo lilikaa nyumbani kwetu wiki nzima, mwezi Julai mwaka 2022. Nilipoombwa kuandika kuhusu imani nililikumbuka hilo kwanza, maana sijawahi kusikia neno imani likivutwa huku na huku kama wiki ile.

Mama yangu ni mzaliwa wa mwambao wa Ludewa, chini ya milima ya Livingstone. Dada yake, ambaye kwangu ni mama mkubwa, hakuwahi kuondoka kule. Walikuwa hawajaonana miaka 11. Sisi watoto tulijua kuna jambo la shamba la babu, mihogo na miembe michache, na tulijua pia kwamba haliulizwi. Kisha mjukuu wa mama mkubwa akapiga simu. Alisema bibi amevimba miguu, kanisani haendi tena, na ametuma neno moja tu: mdogo wangu aje.

Meli haiji kila siku. Ukiikosa unasubiri mzunguko mwingine, na kwa mgonjwa mzee wiki moja ni ndefu. Mama akasema tuondoke siku mbili kabla.

Mdogo wangu wa kiume anafanya kazi Dar es Salaam na alikuwa na siku chache za likizo. Yeye alipanga kupanda ndege ya asubuhi kuja Songea siku ileile ya meli, akodi gari, ateremke Mbamba Bay, na jioni awe melini pamoja nasi. Kwenye karatasi hesabu yake ilikuwa sawa kabisa, na hata saa moja ya kula njiani aliiweka. Nilipomwambia mpango wa Mama alicheka kwenye simu. “Dada, Mungu akitaka nifike, nitafika. Nyie mnafunga mizigo siku mbili kabla kama watu wasioamini.”

Nilikosea adabu kidogo nikampelekea Mama maneno hayo kama yalivyo. Mama hakuinua kichwa kwenye mboga aliyokuwa akichambua. “Mwambie huyo Mungu ndiye aliyenipa kalenda.”

Mimi nilikuwa katikati, na sababu zangu hazikuwa za kiroho. Mimi ni fundi cherehani. Julai shule zinafunguliwa, sare zinashonwa, na siku mbili za kukaa gesti ufukweni ni siku mbili ambazo wateja wanakwenda kwa jirani. Ongeza chumba, shilingi 15,000 kwa usiku. Ongeza chakula cha kununua, na kuku wa kumwachia mtu. Wanaosema “wahi tu” mara nyingi si wao wanaolipa gharama ya kuwahi. Kwa maskini, siku ya akiba ni kitu cha kununua, na bei yake si ndogo. Nilitaka hilo lisemwe katika kitabu cha kanisa, kwa sababu tunapohubiri juu ya kujiandaa huwa tunasahau kuuliza mtu atajiandaa kwa fedha gani.

Wiki hiyo jumuiya yetu ilisoma habari za wanawali kumi, Mathayo sura ya 25. Sikuichagua mimi, ilikuwa zamu yake. Nimeisikia tangu utoto na siku zote nilielewa kwamba watano waliwahi na watano walichelewa. Safari hii, nikiwa na meli kichwani, niliona kwamba sivyo. Wote kumi waliwahi. Wote kumi walikuwa mahali pao bwana arusi akiwa bado hajafika, na wote kumi, pamoja na wale wenye busara, walisinzia wakalala. Aliyechelewa katika habari ile ni bwana arusi. Tofauti ilikuwa kwenye mafuta: watano walipiga hesabu ya kwamba anaweza kukawia, watano wakapiga hesabu ya yeye kufika kwa saa yake.

Nilirudi nyumbani nikabadilisha swali. Nilikuwa nikiuliza tuondoke siku ngapi kabla. Nikaanza kuuliza, meli yenyewe isipokuja kwa siku yake, tutakuwa na nini mkononi? Mama anatumia dawa za presha. Nilikuwa nimehesabu vidonge vya siku saba, nikaongeza vikawa vya siku kumi na nne. Nikachukua fedha ya usiku mbili zaidi, ambayo ilikuwa ya vitambaa, nikaifunga kwenye leso peke yake. Cherehani nikaifunika. Tukaondoka siku mbili kabla.

Julai upepo wa kusini hulitawala ziwa. Tulipofika Mbamba Bay mawimbi yalikuwa yanapiga mchangani kama mtu anayekung'uta mkeka, na mitumbwi ilikuwa imevutwa juu. Siku ya kwanza Mama alilala sana. Siku ya pili alitaka tukae ufukweni akiangalia akina mama wanavyoanika usipa, akawakosoa kwa sauti ndogo, kwamba wanawaweka mnene mno, hawatakauka katikati. Jioni ile, bila kuulizwa, akaanza kusema.

Alisema kwamba mwaka 2011 babu alipofariki, yeye alipata habari mapema vya kutosha. Ilikuwa masika. Barabara ya kushuka kutoka Mbinga wakati huo ilikuwa ya udongo. Alipiga hesabu ya kuondoka siku ya meli ili asipoteze siku sokoni, na basi likakwama kwenye tope. Alifika Mbamba Bay usiku, meli imekwisha kuondoka. Alipofika kijijini babu alikuwa ameshazikwa siku nyingi, matanga yameanuliwa, na kikao cha ukoo juu ya mali kilikuwa kinafanyika siku hiyohiyo. Dada yake, aliyemwogesha baba yao miezi mitano ya ugonjwa, akamwambia mbele ya watu: kwenye mazishi hukuonekana, kwenye shamba umeonekana.

“Sikuwa na la kujibu,” Mama alisema. “Nikakasirika badala ya kujibu.”

Miaka 11 nilidhani ugomvi ni wa shamba. Sijui kama angenieleza hayo mahali pengine. Nyumbani kuna sufuria, kuna wageni, kuna redio. Pale ufukweni hapakuwa na kazi yoyote ya kumwokoa na mazungumzo.

Siku ya meli ilifika. Asubuhi mdogo wangu akapiga simu kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam: Songea kuna ukungu, ndege haijaruhusiwa kuruka. Sikushangaa. Mwezi huo milima yetu ya Matogoro hujifunika mpaka saa nne, siku nyingine zaidi. Mchana akapiga tena, amefika Songea, anatafuta gari. Saa kumi jioni alikuwa bado hajafika Mbinga. Mama alikuwa amekaa juu ya begi lake, hajasema neno.

Kisha tukaambiwa meli haitaondoka leo kwa sababu ya upepo, mpaka kesho. Gesti ikajaa kelele. Wengine walirudi vyumbani, wengine hawakuwa na fedha ya chumba. Mama mmoja kijana aliyekuwa akimpeleka mtoto mgonjwa kwa nyanya yake alikaa mlangoni na mtoto mapajani, na ile fedha ya leso ikapata matumizi ambayo sikuyapanga. Tulilala watatu na mtoto chumba kimoja.

Mdogo wangu akafika saa tatu usiku, vumbi hakuna, jasho hakuna, na furaha nyingi. “Mmeona? Dinari ni ileile!” Alikuwa anawakumbuka wale vibarua wa shamba la mizabibu walioajiriwa jioni wakalipwa sawa na wa asubuhi. Mama naye akacheka, maana alimpenda kwa kuja. Na kwa kweli mstari huo una nguvu. Sisi tuliofika mapema hatukupewa meli bora kuliko yake.

Lakini kesho yake, tukiwa tumekaa kwenye foleni ya kupanda, alisema jambo nililolipinga, na bado nalipinga. Alisema akirudi Dar es Salaam atatoa ushuhuda kanisani, kwamba Mungu alizuia meli kwa ajili yake. Nikamwonyesha yule mama na mtoto. Nikamuuliza, na huyu je, Mungu alimzuia kwa ajili yako? Alinyamaza. Mimi namshukuru Mungu kwamba mdogo wangu aliikuta meli, tena kwa magoti. Ila siwezi kusimama mbele ya watu na kusema kwamba upepo ulioliza mtoto usiku kucha uliletwa ili mtu mmoja asipange siku moja zaidi. Nadhani tunatoa ushuhuda mwingi wa namna hiyo, na wale waliokosa meli wanakaa kwenye viti vya nyuma wakisikiliza.

(Yona naye, tukumbuke, alishuka Yafa akaikuta meli tayari inakwenda Tarshishi, akalipa nauli akaingia. Safari yake ndiyo iliyonyooka kuliko zote mwanzoni, naye alikuwa anamkimbia Bwana.)

Meli ilisimama Liuli. Wenyeji wa ziwa wanajua kwamba pale amezikwa William Percival Johnson, mmisionari wa UMCA aliyefariki mwaka 1928 baada ya zaidi ya miaka 40 kandokando ya ziwa hili, macho yake yakiwa mabovu, akienda kijiji kwa kijiji kwa chombo na kwa miguu. Rafiki yake wa ujana, Chauncy Maples, aliyewahi kufanya kazi Masasi, aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Likoma huko London tarehe 29 Juni 1895. Alirudi mbio. Tarehe 2 Septemba mwaka huohuo alikuwa ndani ya mashua ya tanga upande ambao leo ni Malawi, hali ya hewa mbaya, naye akahimiza waendelee kwa sababu alikuwa na hamu ya kuwafikia watu wake. Mashua ikapinduka usiku. Yeye na mwenzake Joseph Williams wakafa maji. Alizikwa Nkhotakota, na Likoma hakuifikia akiwa askofu. Mwaka 1901 meli ya misheni iliyopewa jina lake iliingia majini, ikawa kanisa na shule inayoelea.

Nilimsimulia mdogo wangu habari hizo tukiwa tumeegemea chuma, taa za Liuli zikibaki nyuma. Aliuliza kama nilikuwa namsema yeye. Nikasema hapana, na ilikuwa kweli. Maples hakuharakishwa na kiburi. Aliharakishwa na upendo, na ndiyo maana habari yake inanisumbua kuliko ya Yona. Hata Paulo, aliyewaonya mabaharia pale Bandari Nzuri kwamba majira yamepita na safari itakuwa ya hasara, ndiye yuleyule aliyeipita Efeso bila kushuka kwa sababu alitaka kuiwahi Pentekoste Yerusalemu. Mtu mmoja, siku moja anasema ngojeni, siku nyingine anasema twende. Sijapata kanuni ya kuwapa.

Watu wa Matogoro wanaokwenda ziwani huniuliza, nami huwajibu kama fundi anavyojibu juu ya kitambaa. Kiangazi, fika siku moja kabla. Miezi ya upepo na miezi ya mvua, siku mbili. Anayetoka Dar es Salaam kwa ndege alale kwanza Songea. Na dawa na fedha zihesabiwe kwa kurudi kwa meli, si kwa kuondoka kwake.

Tuliteremka Lupingu asubuhi, kisha mashua ndogo kufuata mwambao. Mama mkubwa alikuwa amekalishwa nje kwenye kivuli, miguu juu ya kigoda. Mama hakumkumbatia. Alipiga magoti mbele yake kama mdogo anavyomwamkia mkubwa, akasema shikamoo dada. Mama mkubwa hakuitikia mara moja. Alimwangalia, akatuangalia sisi, akauliza tumetoka Songea lini.

“Leo ni siku ya tano,” Mama akasema.

Mama mkubwa akahesabu kwa vidole, polepole, mpaka kidole gumba. Akasema marahaba. Kisha akaniambia mimi niingie jikoni nibandike maji ya ugali, na nisitumie unga ulio kwenye ndoo nyekundu, una wadudu.