Mkwaju na Elimu ya Wazee

Katika miti ya matunda ya Tanzania, uko mmoja ambao jina lake la kitaalamu laweza kumpoteza mtu. Wanasayansi huuita Tamarindus indica, kutokana na Kiarabu tamr hindi, yaani tende ya Kihindi. Lakini asili ya mkwaju ni bara letu la Afrika; India uliingia zamani ukiwa mgeni, ukawa mwenyeji.

Mimi nililelewa na bibi aliyeujua mti huo kama ajuavyo jiko lake. Mtu akifunga choo, bibi aliroweka ukwaju usiku kucha, akauchuja, na alfajiri akamnywesha. Mtu akiharisha, bibi hakuligusa tunda. Alibandua gome kidogo akalichemsha, na mgonjwa akizidiwa alipelekwa zahanati bila kukawia. Kiungo kikivimba, alitwanga majani mabichi akakikanda. Mti ni ule ule: tunda lake hufungua, gome lake hufunga. Asiyeijua tofauti hiyo humzidishia mgonjwa maradhi.

Wataalamu wanatueleza kwamba nyama ya ukwaju ina asidi nyingi ya tatariki, nayo husaidia kulainisha choo. Gome lina tanini, dutu ya jamii ile itumikayo kutengenezea ngozi za wanyama. Bibi hakuyajua majina hayo, bali aliijua kazi yake na kipimo chake.

Taifa nalo limeitambua hazina hii. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha utafiti wa dawa za asili, na mwaka 2002 Bunge likatunga sheria ya tiba asili na tiba mbadala. Hatua hizo ni njema, lakini sheria haiwezi kuhifadhi elimu isiyosemwa. Bibi alipofariki, ukoo wetu uliurithi mkwaju. Kipimo cha gome hakuna aliyekirithi. Haukupita muda mrefu ndugu wakashauri mti ukatwe, uchomwe mkaa. Sikuwastaajabia, kwani mti usiojulikana kazi yake huonekana kuni tu.

Yatupasa, basi, tuwaulize wazee wetu wangali hai: ni sehemu gani ya mti, kwa kiasi gani, kwa mgonjwa yupi, na nani asipewe kabisa. Majibu yao tuyaandike, tuwapelekee watafiti wayapime. Mkwaju ukikatwa waweza kupandwa mwingine. Elimu ya mzee aliyezikwa nayo haina mbegu.