Mwendo wa Kalamu ya Muhammed Said Abdulla

Wahakiki hupenda kumpima Bwana Msa kwa Sherlock Holmes: kiko kile, na rafiki Najum ubavuni. Ulinganisho huo una haki yake, ila humwacha nje mwandishi mwenyewe. Tangu Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka 1960, Abdulla haandiki kwa pupa ya mpelelezi. Huandika kwa nafasi ya mtu wa barazani. Sentensi yake huanza na jambo, ikapinda kwa mzaha, ikapitia kejeli ya upole, ndipo ikarejea kwenye maiti iliyokuwa ikingoja. Wapo wanaomrudia ilhali muuaji wanamjua. Mhariri mwenye mkasi angekata nusu ya maneno hayo. Huyo ndiye wa kuogopwa vitabu hivi vinapochapwa upya.