Sarufi ya P0302

Taa ya injini ilipowaka garini mwangu, kifaa cha fundi kilisoma P0302. Sisi walimu wa lugha hatuoni neno la namna hiyo tusilichambue. P ni injini na mfumo wake wa nguvu; 0 ni msimbo wa pamoja kwa watengenezaji wote; 3 ni uwashaji; 02 ni silinda ya pili. Kila kiambishi na kazi yake, kama katika kitenzi chetu.

Hata hivyo, msimbo ulitaja silinda inayomisi, haukutaja sababu. Yaweza kuwa plagi, koili, nozeli au mgandamizo hafifu. Gereji moja ilikwisha kunishauri ninunue vyote, gharama isiyobebeka kwa pensheni. Fundi huyu alibadilishana koili ya silinda ya pili na ya tatu, akafuta msimbo, akawasha injini. Taa ikarudi na P0303. Hitilafu iliifuata koili. Nikanunua moja tu.

Ndugu washairi, mizani isipotimia, hesabu hutuonyesha mshororo wenye kasoro, haitutajii neno. Tulihamishe neno tunalolishuku, tusome tena, tusikilize kasoro imehamia wapi.