Chumba Juu ya Sakafu

Watu wakisikia mbao zinapandishwa juu ya paa la sakafu, swali lao la kwanza ni uzito. Kwetu Mji Mkongwe swali hilo ni la haki. Paa la nyumba ya Bibi ni boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa iliyopigwa. Boriti hazivuki zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kama mashua. Bibi analala chini yake. Juu, Mjomba anataka chumba cha mbao cha binamu yangu, anayeoa baada ya Ramadhani na hana pesa za kupanga.

"Wewe si unasoma uhandisi," Mjomba aliniambia. "Tuambie kama sakafu itabeba."

Sakafu haitabebeshwa kitu. Nguzo zote zitasimama juu ya kuta, zenye unene wa karibu nusu mita. Hilo lilikuwa jepesi. Lililoninyima usingizi ni kusi.

Upepo ukipita juu ya paa jepesi hulifyonza. Ukifika mwendo wa mita 30 kwa sekunde, unaweza kulivuta juu kwa kilo 55 hivi kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinavutwa kwa zaidi ya kilo 600, na mabati pamoja na kenchi zake hayafiki nusu ya hapo. Dirisha la upande wa upepo likiwa wazi, paa linasukumwa kutoka ndani pia. Na binamu yangu hajawahi kufunga dirisha maishani mwake.

Fundi alipendekeza bolti za kutanuka, zichimbiwe juu ya ukuta. Tulijaribu moja. Niliivuta kwa mkono ikatoka na unga mweupe. Chokaa ya zamani haishiki chuma kama zege, na kuijaza saruji ni kuufungia ukuta unyevu ndani.

Kwa hiyo nimechora ukanda wa chuma kisichoshika kutu. Unatoka kwenye nguzo, unashuka kando ya ukuta mita 1.5, hapo bolti inapenya ukuta mzima na kubanwa kwa bamba upande wa pili. Upepo ukikitaka chumba, uinue kwanza zaidi ya tani moja ya mawe kwa kila nguzo. Sakafu yenyewe haitobolewi. Masika hayahitaji kualikwa. Huko juu, papi kwa kenchi, kenchi kwa mbati, mbati kwa nguzo, kote kanda. Msumari peke yake hutoka kwa njia ileile ulioingilia.

Mjomba alipoona bei aliuliza kama tunaweza kuruka nguzo moja moja. Nikamwambia tuanze kwa kuruka kabati la bwana harusi.

Kibali bado tunakisubiri. Bamba moja litatokeza chumbani kwa Bibi, juu ya kitanda. Ameuliza kama anaweza kutundika chandarua hapo.