Mtoto anamjua dubu, hamjui fisi

Muulize mtoto wa darasa la tano afanye nini akikutana na dubu porini. Atakujibu bila kusita: unalala chini, unabana pumzi, unajifanya umekufa. Ameisikia hadithi ya marafiki wawili na dubu, yule mmoja akapanda mti na kumwacha mwenzake chini.

Kaka yake aliyemaliza kidato cha sita ana majibu marefu zaidi, maana ameangalia sana video za Wamarekani wanaotembea peke yao misituni na begi mgongoni. Atakwambia dubu wa kahawia akikushtukia unalala kifudifudi na kukinga shingo kwa mikono, lakini dubu mweusi akikushambulia unapigana naye. Na kwa kweli, hivyo ndivyo askari wa hifadhi za kule wanavyofundisha.

Sasa muulize afanye nini akikutana na fisi. Hapo atacheka, au atanyamaza.

Afrika haina dubu. Waliokuwepo, wale wa milima ya Atlas kule kaskazini, walitoweka karne ya 19. Mtoto wa Dodoma anaweza kuishi miaka 90 asikutane hata na mmoja, lakini fisi, tembo na nyoka wapo mkoani kwake.

Mama mmoja wa Ipagala alikumbana na jambo hili kijana wake alipokuwa nyumbani akisubiri matokeo ya kidato cha sita. Jioni moja, wakati wa chakula, kijana alitangaza kwamba anataka kwenda Kolo, Kondoa, kuona michoro ya miambani. Mama alifurahi. Michoro ile imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, na watoto wengi wa Dodoma hawajawahi kuiona.

"Utapanda basi la saa ngapi?" aliuliza.

"Sipandi basi, mama. Natembea. Peke yangu."

Kutoka Dodoma mjini hadi Kolo ni takribani kilomita 180. Kijana alikuwa amepanga kuacha barabara ya lami akifika Chemba na kukata pori upande wa magharibi, alale kwenye hema, ajirekodi. Alishaulizia bei ya ile dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu inayouzwa Marekani. Mama alipopinga, alipata jibu ambalo wazazi wengi wanalijua: "Mama, mimi si mtoto. Wenzetu wanafanya."

Ni kweli, wenzetu wanafanya, na baadhi yao hawarudi. Mmarekani Timothy Treadwell aliishi na dubu wa Alaska kwa majira 13 ya kiangazi, akawapa majina, akaamini wamemzoea. Oktoba 2003 dubu alimuua yeye na mwenzake wa kike aliyekuwa naye kambini. Na yule alikuwa mtu aliyewajua dubu kwa miaka. Kijana wa Ipagala pori analijua kwenye kioo cha simu.

Si kosa lake. Ipagala anayoijua yeye ni ya viwanja vilivyopimwa, bodaboda, maduka ya vifaa vya ujenzi na nyumba mpya zilizoota tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma. Hajawahi kuchunga. Babu yake aliyelelewa kwenye tembe la Kigogo, nyumba ya paa bapa iliyozunguka zizi ili ng'ombe walale katikati ya familia, hakuhitaji kuelezwa kwa nini nyumba ilijengwa hivyo.

Mama hakubishana naye. Alimpigia simu kaka yake, mfugaji wa huko Chemba, akaweka sauti kubwa.

"Shikamoo kaka. Mpwa wako anataka kupita pori la huko kwenu kwa miguu, peke yake."

"Marahaba. Peke yake anafukuzwa na nani?"

Kijana alicheka, ila mjomba hakuwa anatania. Alimwambia kwamba yeye mwenyewe, pamoja na umri wake na fimbo yake, hafuati maji peke yake magharibi ikishaingia. Kisha akamuuliza swali moja: "Ukimuona tembo yuko mita 50 na upepo unatoka kwako kwenda kwake, unafanyaje?" Kijana hakuwa na jibu. Kwenye video zake hakuna tembo.

Jibu la mjomba lilikuwa fupi. Unaondoka taratibu, humpigi picha, humkaribii hata awe mmoja, na hasa akiwa na mtoto. Tembo akiamua kukimbia anafikia kilomita 40 kwa saa, na binadamu wa kawaida hafiki hapo.

Kuna jambo jingine ambalo mjomba hakulitaja lakini mzazi anapaswa kulijua. Upande huo wa Kondoa na Chemba lipo Pori la Akiba Swagaswaga, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kuingia pori la akiba bila kibali. Kijana mwenye hema na ramani ya kwenye simu anaweza kuvuka mpaka bila kujua, akajikuta mikononi mwa askari wa TAWA. Kwa kweli hiyo ndiyo ingekuwa bahati yake.

Walifikia mwafaka. Alikwenda na wenzake wawili, kwa basi hadi Kondoa, kisha Kolo, wakajiandikisha kwenye ofisi ya Mambo ya Kale na kupewa mtu wa kuwaongoza. Alirudi na picha nyingi, akilalamika kidogo kwamba safari haikuwa na msisimko. Malalamiko ya namna hiyo mzazi anayapokea kwa mikono miwili.

Lakini suala hili haliishii kwa vijana wenye hema. Wanaotembea peke yao porini kila siku katika mikoa ya kati ni watoto wa shule, wachungaji wadogo, na akina mama wanaotafuta kuni. Kwao hadithi ya dubu inaweza kuwa sumu. Fisi hula mizoga na huwinda pia, na anayemvutia zaidi ni aliye mdogo, aliyelala au aliyeanguka. Mtoto anayejilaza chini akijifanya amekufa mbele ya fisi amemrahisishia kazi. Mbele ya simba ni vilevile.

Mtoto afundishwe hivi: asikimbie, kwa sababu fisi hufikia kilomita 60 kwa saa na simba ana kasi zaidi ya hapo, na mgongo unaokimbia ndio unaoamsha hamu ya kufukuza. Asimame wima, amtazame mnyama, ainue mikono au fimbo aonekane mkubwa, apige kelele, arudi kinyumenyume. Wakiwa wawili au watatu wabanane pamoja, mdogo katikati. Akishikwa, apigane. Mazoezi yafanyike uani, na kwa wadogo yafanywe kama mchezo.

Na akijeruhiwa? Hapa ndipo familia nyingi zinapoteza muda. Imani kwamba fisi ni kipando cha mchawi bado ina nguvu, na majeruhi huweza kupelekwa kwanza kwa mganga kuulizia nani kamtuma. Aliyemtuma atatafutwa baadaye. Damu ikitoka kwa wingi, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, mpeleke hospitali. Kama damu si nyingi, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, uangalie saa, kwa sababu dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Usipake mafuta, majivu wala dawa ya majani. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

Sababu ni kichaa cha mbwa. Mara nyingi ugonjwa huu huletwa na mbwa wenyewe, lakini fisi, mbweha na wanyama wengine wanaonyonyesha wanaweza kuubeba. Dalili zikishaanza, mgonjwa karibu kila mara hufariki. Kabla ya dalili, chanjo inaokoa, mradi dozi zote zimalizwe. Mzazi anayeishia dozi ya kwanza kwa sababu kidonda kimekauka anacheza na uhai wa mwanawe.

Kuhusu saa za hatari, upo utafiti ambao kila familia ya kijijini ingefaa kuujua. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wenzao wa Tanzania walichapisha uchambuzi wa mashambulizi ya simba kwa watu zaidi ya 1,000 kusini-mashariki mwa nchi, kati ya mwaka 1988 na 2009. Mengi yalitokea kati ya saa 12 jioni na saa 4 kasoro usiku. Siku 10 baada ya mwezi mpevu ndizo zilizokuwa mbaya zaidi.

Wengi wangedhani mwezi mpevu ndio wa kuogopwa. Usiku huo kuna mwanga tangu jua linapozama, na simba hukosa windo. Baada ya hapo mwezi huchelewa kuchomoza kila siku, karibu saa nzima, hivyo jioni inabaki na giza nene wakati watu bado wako njiani, na simba ana njaa ya siku kadhaa. Mtu aliyezoea kutembea kwa mbalamwezi ya jana anatoka leo saa ileile, ila leo ni giza.

Agosti 2021, huko Ngorongoro, watoto watatu wa shule waliuawa na simba. Walikuwa wamerudi kutoka shuleni, kisha wakaingia porini kutafuta ng'ombe waliopotea. Mwenzao mmoja alijeruhiwa. Hawakuwa watalii wala wapenda vituko. Walikuwa kwenye kazi ya nyumbani, ile ambayo mzazi anaitoa bila kufikiri: "Nenda kaangalie kama ng'ombe wametimia."

Serikali ina malipo iitwayo kifuta machozi kwa familia ya aliyeuawa na mnyamapori. Kanuni za mwaka 2011 ziliyaweka shilingi milioni 1. 

Kule Chemba mjomba ana utaratibu wake, na hajausoma popote. Jioni zizi likifungwa watoto wanahesabiwa kabla ya ng'ombe. Ng'ombe akikosekana, anatafutwa asubuhi jua likishapanda, na watu wazima wasiopungua wawili.