Dau la Mjane
Bangili mbili tulizoziweka kwa ajili ya karo ndizo tulizokusudia kuziuza ili tununue dau kuukuu la kuvulia. Fundi alitwambia: mataruma hubadilishwa, nyufa hukalafatiwa kwa pamba na sifa, lakini mkuku ukioza, mumenunua kuni. Tukautazama mkuku, deheni imeufunika vyema, tukaridhika. Mwenye dau, mama mjane, ndiye aliyetuita kando: “Wanangu, chomeni kisu hapa.” Kisu kikazama.

Angaliweza kunyamaza, naye ana mayatima wa kulisha. Dau hatukulinunua, tulinunua tanga na mlingoti kwa bei aliyoitaja, bila ya kumwomba apunguze. Bangili moja imebaki sandukuni, na kila tukiitazama twamwombea dua.